Darasani, Parokiani, Nyumbani: Maswali ya Wazazi wa Darasa la Tatu

Barua tulizochagua safari hii zimetoka kwa wazazi na walezi wa Darasa la Tatu katika shule za msingi za Kikatoliki hapa nchini. Ni mwaka wenye mambo mengi: masomo yanaongezeka, mafundisho ya Komunyo yanaanza au yanapamba moto, na mzazi hajui agonge mlango upi. Majibu yameandaliwa na mwalimu wa darasa pamoja na katekista.

*Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu alikuwa shule ya serikali, Januari hii ameingia Darasa la Tatu kwenye shule ya masista. Naona kwenye ratiba kuna dini, Misa ya kila wiki na sala ya Malaika wa Bwana saa sita mchana. Nahofia Hisabati itaumia. Mwaka huu utakwendaje? — Mama wa watoto wawili, Morogoro*

Milele amina, mama. Malaika wa Bwana haichukui hata dakika tano. Kinachowayumbisha watoto wa Darasa la Tatu ni kingine kabisa. Miaka miwili iliyopita kazi yao ilikuwa KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Sasa mtoto anakutana na Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, kila somo na daftari lake na msamiati wake, na kipindi kimerefuka kutoka dakika 30 hadi 40. Mtoto ambaye bado anasoma kwa kuunga silabi hawezi kuyafuata haya yote. Atanakili ubaoni nusu, kengele italia, daftari litarudi nyumbani na sentensi zilizokatikia njiani.

Mpime mwenyewe. Chukua kitabu chake cha Sayansi, mpe aya moja asiyowahi kuisoma, aisome kwa sauti, kisha ufunike kitabu umwulize aya imesema nini. Akisoma vizuri ila hawezi kueleza, tatizo ni ufahamu: msomee wewe, mjadiliane, kisha asome yeye. Akikwama kwenye maneno yenyewe, mrudishe kwenye vitabu vya Darasa la Pili bila aibu, dakika 15 kila jioni, kabla ya televisheni kuwashwa. Fanya hivyo Februari na Machi. Ukingoja ripoti ya Juni, muhula mzima umekwenda, na mwakani kuna upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne.

Sasa mwaka wenyewe. Shule hizi hutembea na kalenda mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni ya wizara: muhula wa kwanza Januari hadi Juni, wa pili Julai hadi Desemba. Ya pili ni ya liturujia, nayo huanza na Majilio, wiki nne kabla ya Noeli. Kwa hiyo Januari, wakati mtoto anafungua daftari jipya, mwaka wa Kanisa umeshaanza. Huu wa 2026 ni Mwaka A katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa, Injili nyingi za Dominika zinatoka kwa Matayo. Tarehe 29 Novemba utaanza Mwaka B, zamu ya Marko. Jumatano ya Majivu, inayofungua Kwaresima, ilikuwa tarehe 18 Februari na Pasaka ni 5 Aprili. Mwakani Pasaka itakuwa 28 Machi, na Majivu yatarudi nyuma hadi 10 Februari. Mwalimu mzuri hupanga majaribio yake akiziangalia kalenda zote mbili, maana wiki ya Juma Kuu ina mazoezi ya kwaya, Njia ya Msalaba na watoto wenye usingizi.

Kalenda hiyo ya pili ni hazina kwa Hisabati hiyohiyo unayoihofia. Watoto huambiwa Kwaresima ni siku 40. Waache wahesabu: kuanzia 18 hadi 28 Februari ni siku 11, Machi 31, Aprili mpaka Jumamosi Kuu 4. Jumla 46. Zimezidi! Ndipo wanagundua kwamba Dominika sita hazihesabiwi. Na rangi nazo zina mtego wake. Mtoto akishakariri kwamba Kwaresima ni zambarau, Dominika ya nne padre anatokea na waridi, mtoto anakuja kukuambia amekosea nguo. Hajakosea. Ni Dominika ya furaha, kama ilivyo ya tatu ya Majilio.

*Mimi ni bibi, nalea mjukuu ambaye alizaliwa na kubatizwa Dar es Salaam. Shule wanasema hataingia mafundisho ya Komunyo bila cheti cha ubatizo, nacho kilipotea. Mtoto wa jirani alipokea akiwa Darasa la Tatu. Kwa nini wangu azuiwe, na shule ni ya Kanisa? — Bibi, Bukoba*

Shikamoo bibi. Jambo moja kwanza: shule inafundisha dini, lakini sakramenti ni za parokia. Mwenye kuamua kwamba mtoto yuko tayari ni paroko, pamoja na wazazi au walezi. Hata pale ambapo shule ina kapelani wake na kikanisa chake, mambo hupita kwa paroko na jina huandikwa katika vitabu vya parokia. Kumlaumu Sista Mkuu hakutasaidia.

Kuhusu umri, sheria ya Kanisa inamtazama mtoto wa miaka saba kuwa anaweza kupambanua. Papa Pius wa Kumi ndiye aliyeagiza mwaka 1910 watoto wasicheleweshwe tena hadi ujanani. Ila muda wa mafundisho hupangwa mahali kwa mahali. Kuna parokia hupokea Darasa la Tatu, nyingine la Nne au la Tano. Usimlinganishe na mtoto wa jirani kabla hujajua amefundishwa wapi na kwa muda gani.

Cheti kilichopotea si msiba. Cheti ni nakala tu. Ubatizo wenyewe umeandikwa katika kitabu cha wabatizwa, na kila jina lina namba, ile inayoandikwa LB (Liber Baptizatorum, yaani kitabu hichohicho kwa Kilatini). Mpigie mtu aliyeko Dar es Salaam aende ofisi ya parokia alikobatizwa, akiwa na jina kamili la ubatizo, majina ya baba na mama, jina la msimamizi wa ubatizo, na tarehe. Kama tarehe haijulikani, mwezi unatosha: kabla ya Pasaka au karibu na Noeli? Hapo ndipo watoto wengi hubatizwa, na katibu ataanza kutafutia humo. Uliza pia kama wakati ule mahali hapo palikuwa kigango, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia nyingine. Kigango kikipandishwa kuwa parokia, vitabu vya zamani hubaki parokia mama, na watu wengi huambiwa "jina halipo" kwa sababu wamekwenda kutafuta mahali ambapo kitabu hakijawahi kuwapo.

Jina la ubatizo likitofautiana na la cheti cha kuzaliwa, usifute wala usiongeze kitu kwa kalamu. Peleka vyote viwili kwa paroko, aandike yeye. Na kama kitabu hakionyeshi chochote, shahidi mmoja wa kuaminika aliyekuwapo, kwa mfano msimamizi mwenyewe, anaweza kuthibitisha ubatizo mbele ya paroko. Hilo limo katika sheria ya Kanisa, wala si upendeleo.

Ukipata cheti, pitia kwa mwenyekiti wa jumuiya yako ndogo ndogo upate utambulisho. Parokia nyingi huuliza pia kadi ya zaka ya familia. Hatupendi mtoto abebeshwe deni la wakubwa. Ukibanwa hapo, mwone Baba Paroko ana kwa ana, ueleze hali yako. Mlezi mzee mwenye mjukuu husikilizwa kuliko karatasi.

Wapo pia wanaogundua katika msako huu kwamba mtoto hakuwahi kubatizwa. Akishatimiza miaka saba huwa hapelekwi tena na watoto wachanga. Anaingia ukatekumeni, yaani maandalizi ya ubatizo kwa waliokwisha kupambanua. Msimamizi wake awe Mkatoliki mwenye Kipaimara, ametimiza miaka 16, wala asiwe baba au mama yake mzazi.

*Binti yetu anasoma shule ya Kiingereza ya Kanisa na dini anapata alama za juu. Parokiani katekista amemrudisha, ati hajui sala. Nyumbani tunaishi na bibi yake ambaye ni Mlutheri na ndiye humsalisha usiku. Tumkataze bibi? — Baba, Moshi*

Msimkataze! Binti yenu anajua sala, ila anazijua kwa Kiingereza, na katekista anauliza kwa Kiswahili. Hili limekuwa tatizo kubwa kuliko uvivu wa kukariri. Mwalimu wa dini na katekista wa parokia wakae wakubaliane orodha moja: Ishara ya Msalaba, Baba Yetu, Salamu Maria, Atukuzwe Baba, Nasadiki (sala ya kukiri imani), sala ya kutubu, Amri za Mungu, sakramenti saba. Kisha mtoto azijue kwa lugha itakayotumika kumwuliza.

Bibi naye ana maneno yake. Kwake ni "ufalme wako uje"; kwetu "ufalme wako ufike". Anamalizia na "ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu", sisi tunakomea "utuopoe maovuni", na yale mengine huyasikia mtoto kwenye Misa baada ya padre kuongeza sala yake. Mwelezeni tu mtoto kwamba sala ni ileile, zikiwa tafsiri mbili. Kwenye Amri Kumi hakuna mgogoro, kwa sababu Walutheri na Wakatoliki huzihesabu kwa namna moja: kuheshimu baba na mama ni ya nne, usizini ni ya sita. Mngekuwa na bibi Mwanglikana au Msabato ndipo namba zingeachana, maana wao huitenga amri ya sanamu kuwa ya pili na kuunganisha zile mbili za mwisho. Mtoto akijibu "ya tano" kwa kuheshimu wazazi, katekista aliye makini humwuliza kwanza nyumbani anasali na nani.

Namna ya kukariri: msimpe Nasadiki nzima kwa siku moja. Ikateni vipande vitatu kama yenyewe ilivyo, Baba, Mwana, Roho Mtakatifu. Cha katikati ni kirefu, kikateni tena pale anapozikwa. Kipande kimoja kwa usiku tatu. Siku ya nne msimwanzishie mwanzoni; mtajieni maneno ya katikati aendelee. Mtoto aliyekariri kama wimbo atalazimika kurudi mwanzo kabisa, na huyo hajashika bado.

Mweleze na maneno. "Mzao" na "utuopoe" hayamo katika maongezi ya siku hizi, ndiyo maana watoto huyageuza kuwa neno lolote linalofanana. Kuopoa ni kukitoa kilichozama majini. Mwonyeshe ndoo iliyotumbukia kisimani ikitolewa kwa kulabu, neno halitamtoka tena.

*Mwanangu ataungama kwa mara ya kwanza wiki ijayo na anaogopa sana. Nimwandikie dhambi zake kwenye karatasi? Pia, siku ya Komunyo asile kabisa tangu usiku? — Mama, Songea*

Karatasi hapana, mama. Kwanza, ukiandika wewe, anakwenda kuungama dhambi ulizoziona wewe. Pili, karatasi huanguka, na ikishaangukia chini ya dawati itasomwa darasa zima. Mfundishe hatua tano kwa vidole vya mkono mmoja: kutafiti dhamiri, kutubu, kukusudia kuacha, kuungama, kutimiza malipizi anayopewa na padre. Kidole cha tatu ndicho watoto hukiruka.

Kwa mtoto wa miaka minane au tisa, kutafiti dhamiri kufuate mahali anapoishi: kwa Mungu, kwa wazazi na walimu, kwa wenzake, kwa vitu vya watu. Mwambie ataje alichofanya na takribani mara ngapi, bila kutaja majina ya wenzake wala kusimulia yaliyotangulia. Akisahau kitu bila kukusudia, amesamehewa hicho pia. Atakitaja safari nyingine. Akikwama kabisa amwambie padre, "Ni mara yangu ya kwanza, nisaidie." Padre atamwongoza. Akitoka, mtu yeyote asimwulize kaungama nini, wewe ukiwa wa kwanza kutouliza. Mwulize tu kama ametimiza malipizi.

Kuhusu kula: saumu ya Ekaristi ni saa moja kabla ya kupokea, na inahesabiwa hadi Komunyo, si hadi mwanzo wa Misa. Maji na dawa haviivunji. Misa za Komunyo ya Kwanza ni ndefu. Ikianza saa tatu, kupokea kunaweza kufika saa tano. Mtoto aliyenyimwa chakula tangu jana yake ndiye huyo anayedondoka wakati wa mahubiri na watu wakadhani ni mapepo. Ale uji na mkate saa moja asubuhi, kisha pipi na bigijii ziondolewe mifukoni.

Mfanyishe mazoezi ya kupokea kwa namna ambayo parokia yenu imeelekeza. Katekista hutumia hostia ambazo hazijawekwa wakfu. Waulizeni, maana mtoto asiyewahi kuionja hushtuka inapoganda kwenye kaakaa. Asiitoe kwa kidole. Angoje ilainike kwa mate, na kutafuna kidogo si kosa.

Gauni tunaliachia mfuko wako, ingawa parokia zinazokubali sare ya shule iliyofuliwa vizuri zinawaokoa wengi. Jambo la kuangalia ni mshumaa. Lesi ya nailoni na shela hushika moto upesi, na nta huchuruzika mkononi. Kata kipande cha boksi cha mviringo, upana wa sahani ya kikombe, toboa katikati, upenyeze mshumaa. Panga watoto wasimame hatua nzima mmoja nyuma ya mwingine.

*Kwaresima hii mtoto wa miaka tisa amegoma uji wa saa nne shuleni, anasema anafunga. Mwalimu amemsifu mbele ya darasa. Ni sawa? — Mlezi, Dodoma*

Si sawa. Kufunga kunawahusu waliotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60, na kuacha nyama kunaanzia miaka 14. Mtoto wa miaka tisa hafungwi na lolote kati ya hayo. Aliyetoka nyumbani saa kumi na mbili akaruka uji wa saa nne, kipindi cha baadaye analala. Ajinyime andazi la dukani, pipi au katuni za jioni, na hela yake aitie kwenye kiboksi cha Kwaresima. Mwalimu aliyesifu aambiwe kwa upole, faragha.

*Asalaam aleikum. Sisi ni Waislamu. Shule bora iliyo karibu nasi ni ya Wakatoliki na watu wanatuambia mtoto atabadilishwa dini. Niulize nini kabla ya kulipa ada? — Baba, Tanga*

Waaleikum salaam, ndugu yetu. Watoto wa Kiislamu kwenye shule hizi ni jambo la kila siku, na uhuru wa dini umelindwa na Katiba ya nchi, ibara ya 19. Ila usiridhike na neno "hatubagui". Uliza mambo yenyewe yalivyo, na majibu uyapate kwa mkuu wa shule wala si kwa mlinzi getini.

Kipindi cha dini kikifika, mtoto wangu anakaa, anatoka, au ana mwalimu wake? Alama ya dini inaingia kwenye wastani na nafasi ya darasani? Hili wengi hulisahau, mpaka mtoto ashuke nafasi kwa somo ambalo hakufundishwa. Siku ya Misa, atakaa kimya nyuma au atabaki darasani na nani? Kukaa kimya kwa heshima ni jambo la kuelewana. Komunyo hatapewa kwa vyovyote, maana hata Mkatoliki asiyeandaliwa hapewi. Ijumaa ataruhusiwa kwenda kuswali saa ngapi, na nani atamvusha barabara? Akifunga Ramadhani atakaa wapi wenzake wakinywa uji? Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zimeanza ndani ya wiki moja ya Februari, shule nyingi zimelazimika kulifikiria hilo.

Na jikoni. Baadhi ya shule za misheni hufuga nguruwe. Uliza kitoweo kinachopikwa na kama sufuria ni zilezile. Ni swali la haki kabisa, na mpishi hulijibu kwa unyofu kuliko ofisi.

*Binti wangu anataka kutumikia altareni. Je, ni wavulana tu? — Mama, Iringa*

Tangu mwaka 1994 Roma imeruhusu wasichana, kila askofu akiamua kwa jimbo lake. Uliza parokiani kwako.

*Oktoba ni mwezi wa Rozari. Mwalimu ameagiza kila mtoto atengeneze rozari kwenye Sanaa na Michezo. Tunatumia nini, na shanga ngapi? Mwaka jana ya kaka yake ilikatika kabla ya kutoka getini. — Mzazi, Mwanza*

Ilikatika kwa sababu ya uzi wa kushonea, bila shaka. Tumieni mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki. Kwenu Mwanza haukosekani. Shanga ni 59: ndogo 53 za Salamu Maria na kubwa 6 za Baba Yetu. Za milimita 8 zikipangwa zote ni takribani sentimita 47, hivyo kata mshipi wa mita moja ili ubaki wa kufungia na wa kuachia shanga zicheze. Zikibana sana, mtoto hawezi kuzisogeza moja moja akisali.

Funga fundo la muda upande mmoja. Tunga ndogo 10, kubwa 1, rudia hadi upate makumi matano yenye kubwa nne katikati yake. Hapo usiongeze kubwa ya tano. Ndipo wengi hukosea. Unganisha ncha mbili, zipitishe zote kwenye medali, au fundo kubwa kama medali hakuna. Kutoka hapo mkia: kubwa 1, ndogo 3, kubwa 1, kisha msalaba. Fundo la mwisho lirudiwe mara tatu, ncha ichomwe kidogo na kiberiti iyeyuke. Kazi hiyo aifanye mtu mzima.

Kabla ya kufunga, mtoto ahesabu kila kumi kwa kidole. Kumi lenye shanga 11 halionekani kwa macho, litakuja kuonekana darasa zima likisali kwa pamoja na yeye akabaki na Salamu Maria moja mkononi.